Ukaribu Unaosafiri: Utangulizi wa Somo la Sauti na Picha katika Biashara Ndogo

Utangulizi huu nimemwandikia mwanafunzi wa biashara, wa mawasiliano au wa sayansi ya jamii anayelikuta somo hili kwa mara ya kwanza. Nimemwandikia pia mfanyabiashara ambaye tayari anarekodi na kuuza kwa simu yake, na angependa kujua kwa nini video moja ilimletea wateja na nyingine ikapita hivihivi. Somo lenyewe ni changa. Vitabu vyake vimetawanyika katika rafu za uchumi, historia ya muziki, filamu na teknolojia, na mara nyingi waandishi wake hawasomani. Hata hivyo lina swali moja linalolishikilia, na mahali pazuri pa kulianzia ni Ziwani.

Mwaka wa 2000 Mary Njeri Kinyanjui, wa Taasisi ya Taaluma za Maendeleo katika Chuo Kikuu cha Nairobi, aliandika kuhusu makundi mawili ya biashara za jua kali: Ziwani na Kigandaini. Aliuliza kama biashara ndogo hunufaika kwa kukaa karibu karibu. Anayeifahamu Ziwani anajua kwa nini swali hilo lina uzito. Mtaa huu wa Eastlands, Nairobi, umeshikana na Kariokor, na ukitembea kidogo unafika Gikomba, Pumwani na Kamukunji. Katika eneo hilo mafundi wa magari, washona viatu vya ngozi, wauza mitumba, na wahunzi wa masanduku na majiko hawakutawanyika ovyo. Anayeuza kitu amekaa ubavuni mwa mwenzake anayeuza kitu kilekile, na mnunuzi huja kwa sababu wako pamoja.

Leo fundi wa eneo hilo anaweza kumuuzia mtu wa Kisumu, Mombasa au Doha ambaye hatakanyaga Ziwani maishani mwake. Kwa hiyo swali la Kinyanjui limepata swali dada: je, ukaribu unaweza kusafiri? Yaani, faida ambazo mnunuzi alizipata kwa kusimama mbele ya fundi zinaweza kubebwa na sauti na picha hadi aliko? Hilo ndilo swali la somo letu.

Kazi nne za ukaribu

Kabla ya kuuliza kama ukaribu unasafiri, tujue unafanya kazi gani. Mteja anayefika kwa fundi anapata mambo manne. Kwanza anaona: ngozi, mshono, kutu. Pili anasikia: mlio wa injini, maelezo ya fundi, na jinsi anavyosita akiulizwa swali gumu. Tatu analinganisha, kwa maana kibanda cha pili kiko hatua chache tu. Nne, na hili husahaulika, anajua pa kurudi. Kiatu kikiachia soli wiki ijayo, kibanda kiko palepale na majirani wanamjua mwenye kibanda.

Wanauchumi wana maelezo mazuri ya kwa nini mambo haya ni muhimu. Mwaka wa 1970 Mmarekani George Akerlof aliandika kuhusu soko la magari yaliyotumika. Muuzaji anajua ubovu wa gari lake; mnunuzi hajui. Kwa kuwa hajui, mnunuzi anahofia kila gari na kutoa bei ya chini kwa yote. Mwenye gari zuri anaona bei hiyo haimfai, anajiondoa, na soko linabaki na mabovu. Akerlof alipata tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka wa 2001 pamoja na Michael Spence na Joseph Stiglitz. Spence alikuwa ameeleza upande wa pili wa jambo hilo: ishara ya ubora huaminika pale ambapo ni ghali kwa mwongo kuiiga.

Wahenga wetu walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Methali hiyo ni kweli sokoni, mahali ambapo uzuri unaonekana na kushikika. Mtandaoni kizuri na kibaya huja na picha zilezile zilizong'arishwa, na kizuri hakiwezi kujiuza mpaka mwenyewe aonyeshe tofauti. Kuonyesha tofauti hiyo kwa namna ambayo tapeli hawezi kuiiga kwa urahisi ndiyo kazi ya sauti na picha katika biashara ndogo.

Mada hii si ya watu wachache. Uchunguzi wa Shirika la Kitaifa la Takwimu la Kenya wa mwaka wa 2016 ulikadiria kuwa nchi ilikuwa na biashara ndogo na za kati zipatazo milioni 7.4, na kati ya hizo milioni 5.85 hivi hazikuwa na leseni. Nairobi yenyewe imeufunza ulimwengu kuyatazama maisha haya kwa heshima: ripoti ya Shirika la Kazi Duniani kuhusu Kenya, iliyotolewa mwaka wa 1972, ndiyo iliyoeneza miongoni mwa wataalamu wazo la sekta isiyo rasmi kama sekta yenye akili na tija yake.

Nairobi ilianza zamani

Mwanafunzi wa somo hili asidhani kwamba historia inaanza na simu za kisasa. Utangazaji wa redio ulianza Nairobi mwaka wa 1928, wakati huo ukiwalenga hasa walowezi. Mwishoni mwa miaka ya 1950 Peter Colmore, Mwingereza aliyefanya kazi ya muziki na matangazo jijini, alimleta kutoka Katanga mpiga gitaa Mwenda Jean Bosco, na sauti yake ikatangaza dawa ya Aspro. Edouard Masengo, naye wa Katanga, aliitangaza Coca-Cola. Tazama walichofanya wenye kampuni hizo. Walikuwa na bidhaa ambazo mnunuzi Mwafrika hakuwa na sababu ya kuziamini, wakaazima sauti aliyokwisha kuipenda, inayoimba Kiswahili.

Kisha zana zikashuka bei na kufika mikononi mwa wadogo. River Road ikawa mtaa wa studio, kaseti na baadaye filamu za VCD za bei nafuu. Mapema miaka ya 2000, Calif Records ya mtaa wa California, huko huko Eastlands, iliwapa vijana kama Nonini na Jua Cali nafasi ya kuutoa muziki wa genge kwa lugha wanayoongea wateja wao, na matatu zikaubeba jiji zima. DJ Afro akawa anasimulia filamu za kigeni kwa Kiswahili cha mtaani, akauza diski zenye sauti yake juu ya picha za watu wengine. Dar es Salaam kazi hiyo ilimpa jina Derek Gaspar Mukandala, aliyejulikana kama Lufufu, ambaye Matthias Krings amemwandikia vizuri katika utafiti wake. Na barabarani Nairobi mpaka leo muuza dawa ya panya, mende na kunguni hutembea na kipaza sauti kidogo cha betri kinachorudia rekodi moja kutwa.

Mifano hiyo yote ina fundisho moja: mnunuzi humkubali anayezungumza kama yeye. Uzuri wa mtambo ulikuja nyuma. Rekodi nyingi za River Road zilikuwa na mikwaruzo, na watu walizinunua.

Kilichobadilika karne hii ni kwamba njia ya kuonyesha na njia ya kulipa zimekutana katika kifaa kimoja. M-Pesa ilianza Machi 2007. Mwaka wa 2009 nyaya za chini ya bahari za SEACOM na TEAMS ziliifikia pwani ya Kenya, na intaneti ikaanza kuongezeka kasi. Mwaka wa 2013 Safaricom ilileta Lipa na M-Pesa kwa maduka, na mwaka huohuo WhatsApp ikaanza kuruhusu kutuma ujumbe wa sauti. WhatsApp Business, yenye majibu yaliyoandaliwa, ilifuata Januari 2018, na katalogi ya bidhaa ikaongezwa mwaka wa 2019. Mtu mwenye kibanda na namba ya till akapata, kwa gharama ya bando, vitu vilivyohitaji zamani studio, redio na benki.

Sauti

Ningependa mwanafunzi aanze na sauti kabla ya picha, kwa sababu sauti ni rahisi, na watafiti huisahau.

Tuanze na gharama. Maneno yanayoeleweka vizuri yanaweza kubebwa kwa kilobiti 16 tu kwa sekunde, hasa tangu kiwango cha Opus kiliposanifishwa mwaka wa 2012. Kwa kiasi hicho dakika moja ni kilobaiti 120. Video ya kawaida ya kilobiti 1,500 kwa sekunde huchukua megabaiti 11 na ushei kwa dakika. Tofauti ni takriban mara tisini. Mteja anayenunua bando la siku anaihesabu tofauti hiyo hata kama hajui majina ya vipimo, na video ndefu ambayo hataki kuifungua haimuuzii mtu chochote.

Halafu kuna yale ambayo sauti pekee inayaweza. Mwenye gari aliyeko Kitengela anaweza kurekodi mlio wa injini akamtumia fundi wa Ziwani, na fundi mzoefu akatambua kama ni mkanda unaolegea au ni bearing inayosaga, kabla gari halijaburutwa kuvuka jiji. Hapo sauti inasafirisha utaalamu wenyewe. Vilevile jibu la sauti kwa mteja anayeulizia bei lina kitu ambacho maandishi hayana: anasikia kuna mtu, ana umri fulani, ana haraka au hana, anamwita dada au mzee kwa adabu.

Kurekodi vizuri kunahitaji mazingira zaidi ya vifaa. Kila unapopunguza nusu ya umbali kati ya mdomo na simu, sauti yako huongezeka kwa desibeli sita hivi huku kelele za nyuma zikibaki zilivyo. Kwa hiyo simu ikae shubiri moja kutoka mdomoni, kando kidogo ili pumzi isiigonge. Mabati na kuta tupu hurudisha mwangwi, nguo huumeza. Muuza mitumba wa Gikomba akisimama katikati ya nguo zake zilizotundikwa ana chumba cha kurekodia ambacho mwenye ofisi ya vioo hana. Wahunzi wa Kamukunji wana tatizo kinyume, kwa maana nyundo hazinyamazi. Wao warekodi maneno mapema asubuhi kabla ya kazi kuanza, kisha waache sekunde chache za nyundo zisikike peke yake, kwa kuwa mlio huo ni uthibitisho kwamba chuma kinafuliwa hapo.

Picha

Picha ina kanuni moja inayotangulia zote: ionyeshe kile ambacho mnunuzi angekigusa kama angekuwepo. Mshona viatu wa Kariokor hahitaji muziki wala herufi zinazoruka. Anahitaji kuikunja soli mbele ya kamera, kuuvuta ukanda, kugeuza kiatu ionekane sehemu ya ndani, na kukiweka kando ya rula ili saizi isibishaniwe. Muuza mitumba aonyeshe doa na kifungo kilichokatika, akikitaja kwa sauti. Wengi huogopa kufanya hivyo, na hapa ndipo hoja ya Spence inapofaa. Anayeonyesha kasoro anatoa ishara ambayo mwongo haiwezi, kwa kuwa mwongo angepoteza mauzo. Mteja aliyeonyeshwa doa la shati moja huamini usafi wa mashati tisa yaliyobaki.

Ishara nyingine ngumu kuiiga ni kazi inayoendelea. Picha ya jiko lililokamilika inaweza kuibwa kwenye ukurasa wa mtu mwingine. Video ya mikono ileile ikikata bati, ikilikunja, ikiliunga na kulipaka rangi, wiki baada ya wiki katika kibanda kilekile, haiibiki kwa urahisi.

Mwanga ni somo la mahali. Nairobi iko karibu sana na ikweta, nyuzi 1.3 hivi kusini, na saa sita mchana jua huwa karibu utosini. Macho huzama kivulini na rangi hupauka. Saa tatu asubuhi au saa kumi jioni, kando ya dirisha au chini ya kivuli kilicho wazi upande mmoja, rangi za shanga na ngozi huonekana zilivyo. Ndani ya nyumba, umeme wetu wa mizunguko 50 kwa sekunde hufanya taa nyingi zipepese mara 100 kwa sekunde. Video iliyopangwa kwa fremu 30 inaweza kuonyesha mistari inayotembea. Simu ikiruhusu fremu 25 au kasi ya shata ya 1/50, tatizo hilo hupungua au huisha kabisa.

Mahali pa kurudi

Turejee kwenye kazi nne. Picha inabeba kuona. Sauti inabeba kusikia. Kulinganisha mteja hujifanyia mwenyewe kwa kutazama wauzaji wengi, ilimradi bei na vipimo vimetajwa. Inabaki ya nne, kujua pa kurudi, na hoja yangu katika utangulizi huu ni kwamba hiyo ndiyo inayoamua. Watu wengi hutengeneza video nzuri ya bidhaa inayoelea hewani: haina mahali, haina jina, haina sauti ya mtu. Mnunuzi anaitazama, anaipenda, na hatumi pesa, kwa kuwa haoni atamshika nani mambo yakiharibika.

Mahali pa kurudi huonyeshwa kwa vitu vidogo vinavyorudiwa. Jina la mtaa na namba ya kibanda vitajwe. Jina linalotokea mteja anapolipa kwenye till lifanane na jina analolisikia kwenye video. Sura au mikono ileile ionekane mara kwa mara. Ahadi ya kubadilisha bidhaa isemwe kwa kinywa, ili mteja abaki nayo kwenye simu yake. Na pale mteja anapolalamika hadharani, ajibiwe hadharani kwa sauti au video inayoonyesha kiatu kikishonwa upya. Malalamiko yaliyotatuliwa mbele ya watu humfundisha mtazamaji kile alichokuwa akikitafuta: kwamba mlango upo.

Ndiyo maana wafanyabiashara wa maeneo kama Ziwani wana mtaji ambao mwenye duka la mtandaoni lisilo na makao hana. Kundi lao linajulikana. Anayetaja mahali pake halisi anaazima sifa iliyojengwa na mafundi wengi kabla yake, na anajifunga kuilinda.

Haki za wanaorekodiwa

Somo hili lina upande wa sheria na maadili ambao mwanafunzi asiuache mwisho. Kenya ina Sheria ya Kulinda Data ya 2019, na sura ya mtu ni data yake. Septemba 2023 Afisi ya Kamishna wa Kulinda Data iliitoza klabu ya Casa Vera shilingi 1,850,000 kwa kuweka mtandaoni picha ya mteja bila idhini yake, na Roma School ya Uthiru shilingi 4,550,000 kwa kuchapisha picha za watoto bila idhini ya wazazi. Kiasi kama hicho kingefunga vibanda vingi. Kanuni ni nyepesi: muulize mteja kabla ya kumrekodi, mweleze video itawekwa wapi, rekodi jibu lake, na akibadili nia uiondoe. Watoto wanaocheza nyuma ya kibanda wasiingie kwenye fremu.

Muziki nao una wenyewe. Wimbo wa msanii uliowekwa chini ya tangazo bila ruhusa ni mali ya mtu, na Eastlands, iliyozaa wasanii wengi, inapaswa kulijua hilo kuliko wengine. Sauti za kazi yako mwenyewe hazidaiwi na mtu.

Pia kuna nguvu za dola. Uganda iliweka kodi ya shilingi 200 kwa siku kwa watumiaji wa mitandao ya kijamii kuanzia Julai 2018. Mwaka huohuo kanuni za maudhui ya mtandaoni za Tanzania zilidai leseni ambayo ada zake zilipita shilingi milioni mbili. Gharama za namna hii humwangukia kwanza mdogo, na mtafiti anayelinganisha nchi zetu ana kazi kubwa mbele yake.

Maswali yanayowasubiri

Uwanja huu una maswali ambayo bado yanahitaji watu. La kwanza ni la kupima. Idadi ya watazamaji haisemi kitu kuhusu mauzo. Mali bila daftari hupotea bila habari, na hapa daftari lina safu moja ya ziada: kila mnunuzi aulizwe ni nini alichokiona au kukisikia kabla ya kulipa. Mtafiti atakayekaa na wafanyabiashara wenye madaftari hayo kwa mwaka mzima atatufunza kuliko takwimu zozote za majukwaa.

La pili ni la kuiga. Katika kundi la mafundi, jirani huona mtindo mpya na kuutengeneza kesho. Video huuonyesha mtindo huo kwa nchi nzima. Je, fundi aendelee kuonyesha kazi inayoendelea, ambayo ndiyo inayomjengea imani, ikiwa ndiyo pia inayofundisha washindani wake? La tatu ni la umiliki. Jukwaa likibadilisha taratibu zake au kufunga akaunti, mfanyabiashara hupoteza wateja aliowakusanya kwa miaka. Orodha ya namba za simu za wateja waliokubali kuwekwa humo ni kinga, lakini ni ndogo kiasi gani? La nne ni la jinsia. Kinyanjui ameandika pia kuhusu wanawake wanaofanya biashara Nairobi na jinsi vyama vyao vinavyowabeba. Mama anayeuza akiwa nyumbani na watoto anarekodi saa ngapi, kwa sauti gani, na analindwaje na wanaomtumia matusi badala ya oda?

Anayetaka kuingia somoni asingojee kamera. Asome Akerlof na Kinyanjui pamoja, kisha aende Kariokor akasimame karibu na kibanda kwa saa nzima akiandika maswali yote ambayo wateja humuuliza muuzaji. Orodha hiyo ndiyo mtaala wake. Kila swali lililoulizwa hapo ni swali ambalo mnunuzi wa mbali analo na hana wa kumuuliza, na kila video au ujumbe wa sauti unaostahili kutengenezwa ni jibu la mojawapo. Akimaliza, amuulize muuzaji ni maswali gani huja baada ya kununua, bidhaa inapoharibika. Hayo ndiyo yatakayompeleka kwenye sehemu ya somo ambayo bado ina watafiti wachache na ambayo biashara ndogo zinaihitaji zaidi.